Hadi Kwenye Pipa Jekundu

Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza meno ya watu wengine akiwa ameinama, na mwaka aliotimiza hamsini na tatu mgongo ukamwambia basi. Haukumwambia kwa upole. Alikuwa amesimama mbele ya sinki akisuuza bakuli la plasta, akakohoa kidogo tu, kikohozi cha kusafisha koo, akajikuta amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, hawezi kuinuka wala kulala. Alikaa vile karibu robo saa, paji la uso limeegemea mlango wa kabati, mpaka Daktari wa meno, mama mwenye kliniki, aliposhuka kuulizia kazi ya mgonjwa wa saa nne.

"Fundi, umeangusha nini?"

"Nimejiangusha mwenyewe, Daktari."

Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe akiwa na hasira. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za kliniki, chenye dirisha jembamba lililotazama visigino vya wapita njia. Ukutani kulikuwa na rafu tatu za taya za plasta, kila moja na namba yake ya penseli. Mezani palikuwa na taa ya spiriti, visu vya nta, na boksi la meno yaliyopangwa kwa rangi, kuanzia meupe ya kujidai hadi ya manjano ya wavuta sigara. Kazi yake aliipenda. Mgongo ndio haukuipenda.

Daktari wa mifupa aliitazama picha ya uti wa mgongo wake kwa muda mfupi tu.

"Hapa kuna mawili. Uanze kuogelea, au nikuandikie mkanda wa chuma wa kiunoni."

"Sijui kuogelea."

"Basi mkanda."

Alisema kama muuza viatu anayekuambia namba yako imekwisha. Fundi alitoka pale akimfikiria mtu mmoja tu: shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mpana wa mabega, aliyestaafu posta na ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Kila asubuhi, jua likiwa bado halina nguvu, alikwenda kuogelea kwenye bwawa la machimbo nje ya mji. Zamani watu walichonga mawe pale. Kazi iliposimama maji yalijaa shimo zima, na hakuna aliyejua kwa hakika yalikwenda chini kiasi gani. Mke wa Fundi, mwalimu wa shule ya msingi, hakutaka hata kusikia habari za mahali pale. Miaka sita nyuma baba wa mwanafunzi wake alizama humo, na yeye ndiye aliyetumwa kumtoa mtoto darasani.

"Yule mtu walimtoa kwa ndoano, Fundi," alisema Fundi alipomweleza shauri la kuogelea, mwiko mkononi. "Kwa ndoano! Dada yangu sina nguvu naye, amenizidi umri na ubishi. Lakini wewe?"

"Mgongo, mke wangu."

"Vaa huo mkanda."

"Mkanda ni wa kufia nao."

Mke aligeukia jiko. Alikoroga sufuria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kukorogwa, kisha akasema bila kumtazama, "Nyinyi wawili mkizama, nianze kumlilia nani?"

Fundi alinunua kaptura. Asubuhi ya Jumatatu alikwenda.

Shemeji alimkuta amesimama juu ya jiwe, kaptura mpya imemfika magotini, mikono ameikumbatia kifuani. Alimwangalia kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu.

"Shemeji, miguu hiyo umeazima kwa nani?"

"Cheka tu. Leo zamu yako."

Lakini maji hayakuwa na mzaha. Ukingoni mawe yalichongwa mfano wa ngazi. La kwanza maji yalimfika vifundoni, la pili magotini, la tatu kifuani. La nne halikuwepo. Pale palikuwa na ukuta wa jiwe ulioshuka wima, na maji ya kijani yaliyogeuka meusi upesi sana. Fundi alisimama kwenye jiwe la tatu, vidole vya miguu vimekunjamana kuushika ukingo.

"Sikiliza," alisema shemeji, akielea mbele yake kana kwamba amekaa kwenye kiti. "Nakupa sheria moja, nyingine zote ni mapambo. Ukiogopa, lala chali. Usinishike. Hata iweje, usinishike."

"Nikushike vipi, shemeji? Mimi si mtoto."

"Wote husema hivyo."

Miezi minne walikwenda hivyo. Mwezi wa kwanza alijifunza kutia uso majini bila kutoka akikohoa kama mtu aliyepaliwa. Wa pili akajifunza kuelea, shemeji akimwekea kiganja chini ya mgongo na kukiondoa kidogokidogo, kama baba anavyoachia baiskeli ya mwanawe. Wa tatu alisogea. Wa nne aliogelea urefu wa ukuta mzima, ingawa hakuwahi kwenda mbali na jiwe zaidi ya urefu wa mkono. Mgongo ulilegea. Alianza kufunga kamba za viatu bila kukaa. Nyumbani mkewe hakuuliza chochote, lakini kila asubuhi Fundi aliporudi kutoka kuogelea alimkuta dirishani, amekwisha vaa nguo za kazini, chai imepoa mkononi.

Katikati ya bwawa, mita mia hivi kutoka mawe, palikuwa na pipa jekundu la plastiki lililofungwa kamba na kuelea. Waogeleaji walilitumia kama alama ya kugeukia. Asubuhi moja shemeji alilionyesha kwa kidevu.

"Leo."

"Leo maji yamechafuka."

"Leo maji yametulia kama supu iliyosahaulika. Twende, niko ubavuni mwako."

Alijikaza kisabuni, akaingia. Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri hata akashangaa. Alihesabu mikono: kumi, ishirini, thelathini. Shemeji alikuwa kulia kwake, anavuta pumzi kwa utulivu, akimtupia jicho. Kwenye arobaini na kitu maji yalibadilika. Juu yalikuwa vuguvugu, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini yakawa baridi ya kuuma, kama ameingiza miguu katika chumba kingine. Kisha kitu laini kikamgusa wayo. Huenda kilikuwa jani, au mfuko wa plastiki. Hakuwahi kujua. Alichojua ni kwamba alitazama chini, akaona miguu yake mwenyewe, imepauka, inaning'inia juu ya weusi usio na mwisho.

Mwili wake ukamtoka mikononi. Hakuamua lolote. Baadaye alijaribu sana kukumbuka dakika ya kuamua, akakosa. Alikumbuka maji yakimwingia puani, anga ikapotea ikarudi, na halafu mikono yake ikawa imeshika kitu kigumu, chenye joto, kinachoelea. Akapanda juu yake. Alipanda kwa magoti, kwa viwiko, kwa uzito wake wote, akavuta hewa, na hewa ilikuwa tamu, akataka nyingine. Kile kitu chini yake kilijitahidi kuinuka, akakikandamiza. Kikainuka tena, akakikandamiza tena. Kiwiko chake kikagonga mfupa.

Ghafla kile kitu kikazama chenyewe, moja kwa moja chini, na mikono yake ikabaki tupu.

Shemeji aliibuka mita tano nyuma yake. Alikuwa anakohoa, damu inamtiririka kidevuni, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye Fundi hajawahi kukutana naye.

"Lala chali!" alipiga kelele. "Lala chali, mshenzi wewe! Usinisogelee! Lala!"

Neno lilimfikia. Alitupa kichwa nyuma. Masikio yakaingia majini, kelele zote zikakatika, akaona mawingu. Maji yalimbeba.

"Piga miguu," sauti ilisema kutoka mbali. "Polepole. Usigeuke. Nitakuelekeza."

Walirudi hivyo, yeye kinyumenyume, shemeji akimzunguka kwa mbali na kumpigia amri: kushoto, kulia, endelea. Kichwa kilipogonga jiwe Fundi alijipindua, akapanda kwa mikono na magoti, akatapika maji. Shemeji aliketi na taulo mdomoni. Alipoiondoa, jino la mbele upande wa juu halikuwepo, na mdomo ulikuwa umepasuka.

"Shemeji..." Fundi alianza.

"Nyamaza." Alipitisha ulimi kwenye pengo. "Mdogo wangu akijua hili hatalala tena maisha yake yote. Tutasema niliteleza kwenye mawe. Umesikia? Niliteleza."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kilichomuaibisha kuliko yote ni ile nafuu iliyomshuka mwilini aliposikia maneno hayo.

Mkewe alipoona uso wa dada yake alipiga ukelele, akaleta maji ya chumvi, akamkalisha. Baadaye, shemeji alipokwisha kwenda kwake, akamgeukia mumewe.

"Aliteleza wapi?"

"Pale kwenye jiwe la pili. Lina mwani."

"Na hiyo mikwaruzo ya shingoni mwako?"

Fundi aligusa shingo. Hakuwa ameiona. Kucha za shemeji zilikuwa zimemchora mistari mitatu, kutoka sikioni hadi begani.

"Nilimdaka," alisema. "Alikuwa anazama. Nikamshika."

Yalimtoka yenyewe, kama yalivyomtoka mambo yote siku ile. Mkewe akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mingi: alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akaweka paji lake kwenye la mumewe, akalia.

Kuanzia hapo mambo yakamwendea vibaya kwa sababu yaliendelea vizuri. Mkewe alisimulia shuleni. Mwalimu mkuu akatuma salamu. Daktari wa meno alishuka ngazi kumpa mkono, akasema, "Nasikia tuna shujaa chini ya ngazi." Muuza magazeti, ambaye Fundi alimjua kwa visigino tu, aliinama dirishani kumwona uso. Nyumbani mkewe alimpakulia kwanza, akamchekea kwa upole, hata akasema, "Labda nilikosea kuhusu hilo bwawa." Fundi alikula kichwa chini. Bwawani hakurudi. Alisingizia kazi. Mgongo ukaanza tena kukaza, naye akauona ni haki.

Wiki ya pili shemeji alikuja kliniki. Daktari alimkagua juu, akaona kidonda kimepona, akamwambia ashuke kwa Fundi achukuliwe kipimo cha jino.

Aliketi kwenye kiti cha karakana bila salamu ndefu. Fundi alikoroga rojo la kuchukulia umbo la meno, akalijaza kwenye kijisinia cha bati, akamwambia afungue mdomo. Alikandamiza kijisinia juu ya meno, akakishikilia. Rojo lile linahitaji dakika tatu kuganda. Ndani ya dakika hizo mgonjwa hawezi kusema wala kuondoka.

"Shemeji," alisema, akitazama rafu. "Nilikupanda kama ngazi. Ulijaribu kuinuka nikakurudisha chini. Nilijua kuna mtu chini yangu. Nataka kusema sikujua, lakini kuna sehemu ilijua, na haikujali. Sasa watu wananiita shujaa na nimewaacha. Sijui nianzie kukuomba msamaha wa lipi."

Shemeji alimwangalia kwa macho tu. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, Fundi akayafuta kwa kitambaa. Dakika hazikuisha. Kijisinia kilipotoka, na alama ya meno ikaonekana ndani yake, safi, na kijishimo pale pasipo jino, shemeji alisukutua, akatema, akakaa wima.

"Nimepokea barua miaka thelathini, najua ipi ina msiba ndani kabla haijafunguliwa," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile nilijua unaniua. Na nilijua huna chuki nami hata chembe. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Hukuwa na hasira, shemeji. Hukuwepo kabisa."

"Nifanye nini?"

"Mimi nilisema niliteleza. Sikusema uliniokoa. Hiyo umeiongeza mwenyewe, kaiondoe mwenyewe."

Jumamosi mchana mkewe alikuwa mezani anasahihisha madaftari, rundo kushoto, rundo kulia. Fundi alivuta kiti. Alimwambia yote bila kuzungusha maneno: maji ya baridi, weusi, magoti, kiwiko. Kalamu nyekundu iliendelea kutembea. Alama ya vyema, alama ya vyema, kosa. Alipomaliza, kalamu ilisimama.

"Ulimkandamiza mara ngapi?"

"Mara mbili. Labda tatu."

"Labda?"

"Tatu."

"Alijitoa vipi?"

"Alizama kwa makusudi. Mtu anayezama hamfuati mwenzake chini, anamwachia."

Mkewe alifunika kalamu, akapanga madaftari yakalingana pembe, akavaa viatu, akatoka. Alikwenda kwa dada yake na kukaa huko hadi jioni. Aliporudi hakusema walichozungumza. Siku nane hakusema mengi kabisa: chumvi iko wapi, mlango umefunga, simu yako inalia. Usiku alilala akiutazama ukuta. Shuleni, Fundi alikuja kusikia baadaye, mkewe alisimama kwenye chumba cha walimu na kueleza kwamba habari aliyowapa ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa kubwa, kisha akaenda darasani.

Siku ya tisa, Jumapili asubuhi, alimtupia kaptura kitandani.

"Vaa. Nataka kuona kwa macho yangu."

Bwawani shemeji alikuwa amekwisha fika, jino jipya mdomoni. Fundi alilitazama kwa jicho la kazi, akaona rangi imelingana, akageuza uso. Mkewe alibaki juu, mbali na ukingo, mkoba ameubana kwapani kwa nguvu kama yuko katikati ya vibaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale tangu yule baba alipozama.

"Utakwenda peke yako," alisema shemeji. "Mimi nitakuwa kwa mbali. Ukifika pale pale, simama. Usilikimbie lile lililokupata siku ile. Likija, lala."

"Na lisipokuja?"

"Litakuja."

Aliingia. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kisha hakuna. Mikono kumi, ishirini. Kwenye arobaini baridi ikampanda kutoka chini, ile ile, chumba kile kile, akasimama kama alivyoagizwa, akipiga miguu mahali pamoja. Likaja. Mikono ikaanza kutafuta. Ilitafuta kweli, aliiona ikitapatapa mbele yake kama ya mtu mwingine. Hapakuwa na kitu cha kushika. Shemeji alikuwa mbali, kichwa tu juu ya maji, hasogei.

Alitupa kichwa nyuma. Kelele zikakatika. Alilala pale, kifua kinapanda na kushuka kwa fujo, na woga haukuondoka. Uliendelea kukaa naye, mzito, lakini haukuweza kumfanya afanye chochote. Alihesabu pumzi hadi hamsini. Kisha akajigeuza kifudifudi, akaendelea. Alipoweka kiganja juu ya pipa jekundu alikuta lina utelezi na kinyesi cha ndege, likazunguka na kumponyoka. Aligeuka kurudi.

Alipopanda mawe mkewe alikuwa ameshuka hadi jiwe la kwanza, viatu vimelowa, hajavivua. Alimpa taulo.

"Ulikawia pale katikati," alisema.

"Niliogopa."

"Niliona."

Walirudi nyumbani kwa miguu, na njiani, karibu na kona ya duka la vifaa vya ujenzi, mkewe alimshika mkono.

Sasa Fundi ana miaka hamsini na sita. Huogelea mara nne kwa wiki, hufika kwenye pipa na kurudi bila kupumzika, na mkanda wa chuma hajawahi kuuvaa. Mkewe huja siku za likizo, huketi juu na madaftari yake, na hajatia hata kidole majini. Shemeji naye yupo, anapiga kelele, anamcheka miguu. Wanakunywa chai pamoja, wanataniana kama zamani. Lakini majini, kama Fundi akisogea upande wake, hata bila kukusudia, yeye husogea pia. Siku zote kuna mita tano kati yao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulitaja jambo hilo.